Kidole Kisichogusa Sakafu

Chumba cha nyayo kilikuwa na watu wawili wa kudumu, na mmoja wao alikuwa mjinga. Hivyo ndivyo Mama Wino alivyokipigia hesabu chumba kile tangu Profesa aletwe kukiongoza, na hakuona siku hata moja ambayo hesabu ilikataa.

Kilikuwa mwisho wa korido ya maabara ya polisi, choo upande huu na stoo ya majalada upande ule. Ndani mlikuwa na meza ndefu, sinki lenye bomba linalokohoa, benchi la kukalia mshukiwa, kioo cha kusambazia wino, rola tatu za mpira, na bunda la karatasi nyeupe lililoviringishwa kama kitambaa cha dukani. Kwa miaka kumi na tisa Mama Wino alikuwa amepaka wino miguu ya wezi, ya wasio wezi, ya maiti, na ya askari waliokanyaga mahali pasipowahusu kisha wakaapa hawakukanyaga. Weusi ulikuwa umemkaa kwenye kucha, hautoki kwa sabuni wala ndimu, na jina likamganda pamoja nao. Cheti cha kutundika ukutani hakuwa nacho. Alichokuwa nacho ni jicho: ukimwonyesha unyayo sakafuni angekuambia mwenyewe alikuwa anakimbia au anajikokota, na kama mgongoni kuna mzigo.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mkaguzi wa polisi aliyepelekwa nje kusoma wiki sita, akarudi na cheti, na koti jeupe lililotariziwa jina kifuani, na lafudhi ambayo haikuwa ya huko alikokwenda wala ya huku alikotoka. Cheti alikitundika mkabala na mlango, ili mgeni akutane nacho kabla hajakutana na mwenyewe. Na kwa kweli hiyo ndiyo ilikuwa busara yake pekee. Haukupita mwezi akaalikwa redioni, akasema mguu hausemi uongo. Akaipenda sentensi yake, akairudia mara tatu katika nusu saa. Mama Wino alikuwa jikoni kwake anamenya vitunguu. Alimwambia wifi yake kwamba ni kweli, mguu hausemi uongo, ila pia hauongei na kila mtu.

Wifi yake huyo, dada wa mumewe, alikuwa mjane aliyehamia kwao na mashine yake ya kushona, na kwake habari za Profesa zilikuwa kama tamthilia ya kila jioni. Mama Wino akiingia tu mlangoni, kabla hajavua viatu, wifi angeuliza leo kafanya nini. Na kila jioni palikuwa na la kusimulia. Leo kamfundisha daktari wa maiti namna ya kuhesabu vidole. Leo kaomba kiti cha kuzunguka, kimekuja, kimemzungusha hadi kwenye sinki. Wifi angejitundikia taulo jeupe mabegani, avute midomo mbele, na kusema, "Kwa mujibu wa sayansi," mpaka machozi yawatoke wote wawili.

Kisha ikaja kesi ya ghala.

Mwezi wa pili, katoni sita za dawa kali za maumivu ziliibwa katika ghala la hospitali moja. Mwizi hakuvunja kitu, aliingia kwa ufunguo. Ila katika kuhangaika kwake alipiga teke chupa kubwa ya dawa ya kikohozi, ile nyekundu yenye sukari nyingi, akaikanyaga, akaenda zake akiacha nyayo nne juu ya vigae vyeupe. Alikuwa peku kwa sababu ghala lile huingiwa peku. Viatu huachwa nje ili vumbi lisifike kwenye dawa, na mwizi wa watu hakutaka kuvunja utaratibu. Mpaka mlango unafunguliwa asubuhi, sisimizi walikuwa wameshazizunguka nyayo kama watu kwenye matanga.

Wenye funguo walikuwa watatu. Mfamasia alikuwa safarini, na tiketi anayo. Mtunza ghala ndiye aliyetoa taarifa, tena aliwapokea wapelelezi kwa viti na maji ya baridi, na mtu aliyekupa kiti unamwombaje mguu wake? Akabaki mfagiaji.

Walimleta chumba cha nyayo saa nne asubuhi, askari mmoja mbele na mmoja nyuma, kana kwamba angeweza kuruka. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mrefu, mkimya, mwenye mikono iliyokauka kwa sabuni ya kusugulia. Alipoambiwa avue viatu alivipanga sambamba ukutani, visigino vimegusana. Mama Wino akaupenda utaratibu ule. Akampaka wino mguu wa kulia kwa rola, akamsimamisha juu ya karatasi, akamwambia asihame. Alipoinua mguu, karatasi ilionyesha kisigino, ubavu wa nje, nyama ya nyuma ya vidole, na vidole vinne.

Profesa akaitazama ile alama kama mtu aliyepewa chenji pungufu. Akasema haijakamilika. Mama Wino akamwonyesha mguu wenyewe: kidole cha mwisho kilikuwa kimekaa juu ya mwenzake, kimetazama dari. Mfagiaji akaeleza kwamba alipokuwa na miaka saba kreti la soda lilimwangukia, mfupa ukavunjika na kuunga vibaya, na tangu hapo kidole kile hakijui sakafu. Aliwaambia hivyo bila kupewa huruma na bila kuiomba. Profesa akasema irudiwe. Ikarudiwa. Vidole vinne.

Basi mtaalamu akavaa glavu. Ilikuwa mara ya kwanza Mama Wino kumwona akiinama. Akapiga goti moja baada ya kuweka gazeti chini ili suruali isichafuke, akaweka dole gumba lake juu ya kidole cha yule mwanamke, akakikandamiza mpaka kikagusa karatasi. Mfagiaji akashika ukingo wa meza na kuuma mdomo. Askari mmoja aligeuka akatazama nje ya dirisha.

"Sasa tuna mguu mzima," Profesa akasema, akainuka.

Akapima kwa rula. Sentimita ishirini na tano na nusu, vidole vitano. Unyayo wa kulia wa ghalani, kwenye picha, ulikuwa sentimita ishirini na tano na nusu, vidole vitano. Akatabasamu, akavua glavu kidole kimoja kimoja, akaenda ofisini kwake kupokea simu ya watu wa redio.

Mkuu wa zamani wa chumba kile, marehemu sasa, alikuwa na kanuni moja: kila mguu uchukuliwe mara mbili, ukiwa umesimama na ukiwa unatembea. Mtu akisimama unyayo wake ni mfupi. Akitembea anaburuza kidogo kisigino nyuma na ncha za vidole mbele, na alama inarefuka. Ukilinganisha wa kusimama na wa kutembea, unalinganisha miguu miwili tofauti hata kama ni ya mtu mmoja. Profesa aliifuta kanuni hiyo wiki yake ya kwanza, kwa sababu ilikula karatasi na kwa sababu, alisema, kule hawafanyi hivyo. Mama Wino hakuwahi kufika kule. Lakini aliamini kwamba kule walikuwa wakifanya hivyo, ila siku hiyo Profesa alikuwa ametoka kupiga picha mbele ya jengo.

Profesa alipokuwa kwenye simu, Mama Wino alitandika mita nne za karatasi koridoni, akampaka mfagiaji wino upya, akamwambia aende mpaka mlango wa choo kama anavyokwenda sokoni. Akaenda. Kila mguu wa kulia ulipotua, vidole vinne. Na urefu ulikuwa sentimita ishirini na sita na nusu, sentimita nzima zaidi ya ule wa ghalani. Mama Wino akaandika tarehe, mfagiaji akatia sahihi, na wale askari wawili nao wakatia zao bila kusoma. Akaiviringisha karatasi, akaiweka kwenye droo ya chini, chini ya maboksi ya glavu. Hakufanya hivyo kwa huruma. Alifanya kama mtu anavyofunga bomba linalovuja akipita karibu nalo.

Ripoti ilitoka baada ya siku nne. Ilisema nyayo za ghalani na za mshukiwa zinalingana kwa asilimia tisini na tisa nukta nane. Mama Wino aliisoma akiwa amesimama, akamuuliza mkuu wake hiyo nukta nane kaitoa wapi. Profesa akajibu kwamba ni hesabu ndefu. Halafu, kwa kuwa mgeni kutoka makao makuu alikuwa amekaa pale anakunywa soda, akataka kuonekana mtu wa ushirikiano.

"Una chochote cha kuongeza, mama?"

Droo ilikuwa karibu na goti lake. Ilikuwa ni kuinama, kuvuta, kutandika. Mama Wino alilitazama lile koti jeupe, akatazama uzi wa bluu wa jina, akamtazama mgeni na soda yake. Akaona jinsi mambo yangekwenda: Profesa angesema naam, nilitaka kuona kama utaliona, na kesho ripoti mpya ingetoka, nzuri, sahihi, na chini yake jina lake. Mtu wa aina hii ukimwangusha ofisini anaangukia zulia. Anahitaji mahali pa juu zaidi.

"Sina, mkuu. Wewe ndiye uliyesoma."

"Ni vizuri mtu akijua mipaka yake," Profesa akamwambia mgeni, na alimaanisha kumsifu.

Jioni ile wifi alicheka mpaka akaegemea mashine. Mama Wino alimsimulia yote: gazeti chini ya goti, dole gumba, nukta nane. Akamwambia siku ya mahakama itakuwa siku. Huyu bwana atapanda kizimbani mwenyewe kwa miguu yake, ale kiapo, na aseme ujinga wake mbele ya hakimu na karani auandike, na hapo ndipo karatasi itakapotoka. Wifi akasema ataiacha mashine aje atazame. Kisha, akipitisha uzi kwenye tundu la sindano, akauliza kama jambo la pembeni.

"Na mwenye kidole chake yuko wapi?"

"Rumande."

"Analala huko?"

"Wifi, watu wa rumande hulala wapi? Kesi ikifika ataachiwa. Kidole ninacho."

Wifi akasema haya, akakanyaga mashine. Hawakulizungumza tena.

Kesi haikufika. Mwezi wa tatu hakimu aliugua mgongo. Mwezi wa nne jalada lilipotea, likaonekana chini ya jalada jingine. Mwezi wa tano mwendesha mashitaka alikuwa likizo na aliyeshika nafasi yake hakujua kwamba ameishika. Kila ilipoahirishwa Mama Wino aliudhika kama mtu aliyevaa kwenda harusini akaambiwa bwana harusi hajapatikana. Alikuwa ameshapanga maneno yake. Alijua atasimamaje, atamtazama nani kwanza, atanyamaza kwa muda gani kabla ya kufungua karatasi. Alinunua hata mfuko mpya wa kuibebea, mrefu, ili isipate kunjo.

Katikati ya mwezi wa sita alikuja wakili wa mfagiaji, kijana aliyepangiwa kesi na mahakama, ana mafaili kwapani kama muuza magazeti. Aliomba kuona alama ya mguu wa mteja wake. Mama Wino akamletea ile ya Profesa. Kijana akaigeuzageuza karatasi, ni wazi hajui atazame nini, akauliza kama ndiyo hiyo. Mama Wino akamjibu kwamba barua yake ya maombi imetaja kielelezo cha mkuu, na hiki ndicho kielelezo cha mkuu. Wakili akashukuru, akaenda zake. Mama Wino alimtazama akipotelea koridoni na kumdharau naye pia. Alihesabu kwamba mtu asiyejua kuuliza hastahili kujibiwa, na kwamba kijana yule, akipewa ile karatasi mapema, angekwenda kuipeleka kwa mwendesha mashitaka kwa heshima zote, wakayamaliza kimyakimya juu ya meza. Na yeye hakununua mfuko mpya kwa ajili ya mambo ya kimyakimya.

Siku ikafika mwezi wa saba. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, pangaboi moja linazunguka na la pili linasikiliza. Mfagiaji alikuwa kizimbani amepungua, shingo imekuwa ndefu. Wifi hakuja, alisema ana nguo za watu. Profesa alikuja na picha kubwa zilizobandikwa kwenye mbao, na fimbo ya kuonyeshea, na koti lake.

Mtu asimnyime haki yake: alisema vizuri. Mara mbili alisema mguu hausemi uongo. Alionyesha kisigino kwa kisigino na kidole kwa kidole, akataja asilimia na nukta yake, na karani akaandika. Wakili kijana aliuliza kama inawezekana watu wawili wakafanana miguu. Profesa akamjibu kwamba angeliuliza swali hilo kule wangemcheka. Watu kwenye mabenchi wakacheka badala ya watu wa kule. Wakili akakaa. Mama Wino, kwenye kiti cha shahidi anayefuata, alisikia utamu ukimpanda mpaka kooni. Alikuwa amefika juu kabisa, bwana yule. Hakuna ngazi iliyobaki.

Yeye aliitwa kwa jambo dogo tu: aseme kwamba ndiye aliyepaka wino na kuhifadhi karatasi. Akasema. Mwendesha mashitaka akaridhika. Wakili akainuka, afanye lipi, akauliza swali ambalo mawakili huuliza ili isionekane walikaa bure.

"Kuna alama nyingine yoyote ya mguu wa mshitakiwa iliyochukuliwa siku ile?"

Mama Wino akanyamaza kwa muda aliokuwa ameupanga.

"Ipo."

Wakili alikuwa ameshaanza kukaa. Akabaki amekunja magoti, nusu ameketi nusu amesimama.

"Iko wapi?" akauliza hakimu, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba.

"Nimekuja nayo, mheshimiwa."

Mwendesha mashitaka alipinga, akasema kielelezo hicho hakikuorodheshwa. Hakimu akamwambia kwamba kukiona hakutamuumiza mtu ila anayestahili kuumia. Basi Mama Wino akakunjua karatasi katikati ya mabenchi, mita nne, na mwendesha mashitaka ikabidi ainue miguu. Hakimu akashuka kwenye kiti chake. Watu hawakuwa wamewahi kumwona akishuka. Akainama na mgongo wake mbovu, akahesabu kwa kalamu, unyayo wa kwanza wa kulia, wa pili, wa tatu. Vinne, vinne, vinne. Akauliza kuhusu urefu, na Mama Wino akamweleza kusimama na kutembea kwa maneno machache ambayo hata karani aliyaelewa, akaacha kuandika, akatazama kiatu chake mwenyewe.

Hakimu akataka aone kwa macho yake. Mama Wino alikuwa na rola na wino kwenye mkoba. Alikuwa na kila kitu. Mfagiaji akatolewa kizimbani, akavua viatu, akatembezwa juu ya karatasi mpya mbele ya wote. Vidole vinne. Profesa akainuka bila kuitwa, akasema mshitakiwa anakiinua kwa makusudi.

"Kishushe," hakimu akamwambia mwanamke.

Akajaribu. Uso ulimkunjamana, vidole vingine vyote vikajikunja, mpaka mguu ukaanza kutetemeka. Kile kimoja kilibaki kinatazama dari.

Hakimu akamgeukia mtaalamu, akamuuliza basi cha tano kwenye karatasi yake kilifikaje. Profesa akasema ni mbinu ya kukamilisha alama. Hakimu akauliza anakamilisha nini, mguu au kesi. Profesa akatazama mbao zake. Akasema kwa mujibu wa sayansi, halafu sentensi ikamfia mdomoni, na kwa mara ya kwanza tangu Mama Wino amjue, ile lafudhi ilitoweka kabisa. Alibaki mtu wa kawaida, mwenye jasho juu ya mdomo, aliyevaa koti la kufulia. Akaulizwa kama mguu wa mtunza ghala ulichukuliwa. Akasema haukuombwa. Mwendesha mashitaka akaomba dakika kumi, akatoka na simu, akarudi kusema upande wake hauna nia ya kuendelea. Huyo mtunza ghala, akaongeza kwa sauti ya chini, aliacha kazi mwezi wa nne na hajulikani aliko.

Ilikuwa tamu kuliko alivyoipanga. Mama Wino angetaka iende polepole zaidi.

Kabla ya kuinuka, hakimu aliishika ile karatasi ya koridoni kwa ncha za vidole, akasogeza miwani.

"Hii ina tarehe ya mwezi wa pili."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ilikuwa wapi?"

"Kwenye droo, mheshimiwa. Niliitunza vizuri."

Hakimu akamtazama juu ya miwani, akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kuliko jibu lenyewe. Halafu akamwachia huru mshitakiwa na mahakama ikasimama.

Nje, kwenye ngazi, mfagiaji alikuwa ameketi anafuta wino mguuni kwa kitambaa. Mbele yake alisimama dada yake mkubwa, amevaa sare ya mpishi wa shule, na mtoto wa mwaka na kitu amemshika kidole. Mfagiaji akaacha kufuta, akanyoosha mikono, akamwita mtoto kwa jina la utani. Mtoto akamtazama. Akapiga hatua tatu za haraka, zenye magoti magumu, akajificha nyuma ya sketi ya mama yake mkubwa.

Mama Wino aliwafikia akiwa na chupa ya mafuta ya taa na pamba. Alikuwa na maneno. Alisema wino ule hautoki kwa kitambaa kikavu, akaketi ngazi moja chini, akamwaga mafuta kwenye pamba. Alingoja ashukuriwe; si kwamba alihitaji, ila ndivyo mambo yanavyokwenda.

Mwanamke akaipokea pamba.

"Ile karatasi ndefu," akasema. "Ndiyo ya siku ile koridoni?"

"Ndiyo hiyohiyo. Haikupata hata kunjo."

"Ulijua siku ileile?"

Mama Wino alikuwa na majibu kadhaa, na yote yalimjia pamoja. Akasema kweli.

"Nilijua."

Mfagiaji akatikisa kichwa polepole, kama anayesikia bei. Akaendelea kufuta kati ya kidole na kidole.

"Nilimwacha anatambaa," akasema, akimtazama mtoto.

Basi Mama Wino akaanza kueleza. Akaeleza kwamba yule bwana angeichana, kwamba ofisi zilivyo huwezi kumpa mtu wa namna ile nafasi ya kujisafisha, kwamba ilibidi asubiri pale ambapo hana pa kukimbilia. Akaeleza kuhusu gazeti chini ya goti, akaeleza nukta nane, sehemu ambayo wifi yake alikuwa akiirudia kila jioni. Alisikia sauti yake ikienda mbio. Mwanamke alimsikiliza mpaka mwisho, kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Mpishi wa shule hakumtazama kabisa. Alikuwa anamfunga mtoto kamba za viatu.

"Yule bwana ni mjinga, mama," mfagiaji akasema. Hakupandisha sauti. "Nimemwona. Mjinga hata kumchukia ni kupoteza muda wako. Wewe si mjinga."

Akamrudishia pamba. Akavaa viatu, akasimama, akampa mtoto mkono, na mtoto akampa wa kwake mama mkubwa. Basi mpishi akatembea katikati, mtoto upande mmoja, mdogo wake upande wa pili, wakashuka ngazi hivyo na kuvuka barabara.

Mama Wino alibaki na chupa yake. Kwa miaka mingi hakuwahi kukosa neno la kumtupia mtu anayempa mgongo. Alikuwa nayo ya wakubwa na ya wadogo, ya wasomi na ya mambumbumbu. Alitafuta la kumtupia yule mwanamke. Alitafuta mpaka wakapotea kwenye kona, na kila alilolishika lilikuwa limemgeukia.

Profesa alitoka dakika chache baadaye na mbao zake kwapani, koti mkononi. Alimwona, akasita, akajiandaa kupigwa. Mama Wino akafunga kizibo cha chupa yake. Wakasimama hivyo ngazi ileile, hatua mbili kati yao, kwa sababu gari la ofisi ni moja na lilikuwa moja asubuhi pia. Lilipofika, dereva akamsaidia mkuu kuingiza mbao, na mbao zikachukua kiti kizima cha mbele, kwa hiyo ikabidi wawili hao wakae pamoja.

"Vipi," dereva akauliza akiwasha, "tumeshinda?"

Mama Wino akasogea dirishani kumpa Profesa nafasi.